Mke wa Chumba cha Juu

Huko Uingereza, wanafunzi wanaoendelea na masomo ya juu ya fasihi, wakijiandaa kwa ule mtihani ulioanzishwa mwaka 1951, hupewa mara nyingi kazi iliyo ngumu kuliko inavyoonekana. Huambiwa wavitwae vitabu viwili vya hadithi vilivyoandikwa katika nyakati mbalimbali, wavilinganishe. Wengi huianza kazi hiyo vibaya. Hutafuta yanayofanana, kisha yasiyofanana, wakayapanga safu mbili kama mwenye duka apangavyo bidhaa zake, wakadhani wamemaliza. Lakini lililo kubwa la kuuliza ni hili: mwandishi wa kwanza aliliona jambo gani kuwa la kawaida hata hakuona haja ya kulieleza, na mwandishi wa pili alisimama wapi hata akaliona? Nataka kuwaonyesha wasomaji swali hilo katika vitabu viwili ambavyo huwekwa pamoja mara kwa mara, kwa sababu cha kwanza ndicho kilichokizaa cha pili.

Cha kwanza ni Jane Eyre. Aliyekitunga ni Charlotte Brontë, binti wa kasisi wa Haworth katika jimbo la Yorkshire, aliyezaliwa mwaka 1816. Kilichapwa London mwezi wa Oktoba 1847, naye akajiita Currer Bell, jina lisilojulisha kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke, maana vitabu vya wanawake havikupimwa kwa mizani ya haki siku zile. Jane ni yatima asiye na mali wala uzuri, naye aajiriwa kumfundisha mtoto katika nyumba kubwa iitwayo Thornfield. Ampenda bwana wa nyumba, Rochester, naye Rochester ampenda. Siku ya arusi, wakiwa wamekwisha kusimama mbele ya padre, mtu mmoja asema kwamba ndoa haiwezi kufungwa: bwana huyu anaye mke, yu hai. Tena yumo nyumbani mwake, amefungiwa ghorofa ya juu na mlinzi wake. Jina lake Bertha Mason, kwao ni Jamaika, na yasemwa ana wazimu.

Watu wengi wasomapo hapo humhurumia Jane, nao wana haki. Lakini na tumtazame huyo mwingine. Katika kitabu kizima Bertha hazungumzi nasi. Anguruma, acheka usiku, atambaa kwa mikono na miguu kama mnyama. Maneno yake twayapata kwa vinywa vya wengine tu. Mwisho aichoma nyumba moto, ajitupa kutoka juu ya paa, afa. Na kifo chake ndicho kinachomfungulia Jane njia ya kuolewa.

Kijana wa leo atauliza, kwa nini Rochester hakumwacha mke huyo kwa sheria? Hapo ndipo historia inapotufaa. Kabla ya mwaka 1857, Mwingereza aliyetaka talaka itakayomruhusu kuoa tena ilimpasa kupata sheria ya pekee katika Bunge, nayo ilikuwa kwa gharama kubwa mno. Hata baada ya mwaka ule, wazimu haukuwa sababu ya talaka mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1937. Na tuulize upande wa pili vilevile: kwa nini yule mke hakuchukua mali yake aende zake? Kwa kuwa hakuwa na mali. Mpaka zilipotungwa sheria za mwaka 1870 na 1882, karibu kila alichokuwa nacho mwanamke kiliingia mkononi mwa mumewe siku ya arusi.

Nayo mali ya Bertha haikuwa haba. Kitabu chasema kwamba Rochester alipewa pamoja naye pauni 30,000, maana baba yake Rochester alikuwa ameweka shamba lote liwe la mwanawe mkubwa, akataka huyu mdogo apate utajiri kwa kuoa. Jane mwenyewe alilipwa pauni 30 kwa mwaka. Basi fanya hesabu: mahari hiyo ni mshahara wa mwalimu wa miaka elfu.

Fedha hizo zilitoka wapi? Kitabu chasema tu kwamba baba yake Bertha alikuwa mwenye mashamba na mfanyi biashara huko Jamaika, kikapita. Lakini utajiri wa mashamba ya Jamaika ulikuwa sukari, na sukari ililimwa na watu weusi waliochukuliwa Afrika kwa nguvu, na watoto wao. Waingereza walikataza biashara ya watumwa mwaka 1807. Utumwa wenyewe waliukomesha kwa sheria ya mwaka 1833, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834, na hata hapo wengi walishikwa wafanye kazi kwa mabwana wao wa zamani mpaka mwaka 1838. Waliokuwa na watumwa walitengewa fidia ya pauni milioni 20. Waliokuwa watumwa hawakupewa kitu. Deni lililokopwa kwa ajili ya fidia hiyo liliendelea kulipwa na Serikali ya Uingereza mpaka mwaka 2015. (Hata Unguja, utumwa ulipoondolewa katika sheria mwaka 1897, aliyeahidiwa fidia ni bwana, si mtumwa.)

Sasa twaja kwa mwandishi wa pili, Jean Rhys. Alizaliwa mwaka 1890 mjini Roseau, katika kisiwa cha Dominika. Baba yake alikuwa daktari kutoka Wales. Mama yake alizaliwa kisiwani, wa ukoo wa Wazungu ambao zamani walikuwa na shamba na watumwa. Mwaka 1907 alipelekwa Uingereza, akachekwa kwa matamshi yake. Alitunga vitabu kadha, cha mwisho kikatoka mwaka 1939, kisha akanyamaza muda mrefu hata wengine wakadhani amekufa. Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 76, akatoa Wide Sargasso Sea, yaani Bahari Pana ya Sargasso. Ni habari za yule mke wa chumba cha juu, tangu utoto wake.

Humu jina lake ni Antoinette. Bertha ni jina ambalo mumewe ampachika, ajapokataa mwenyewe. Sisi tulio na majina mawili, la nyumbani na la ubatizo, twajua kuwa jina jipya si lazima liue la kwanza. Bwana huyu alikusudia kuliua. Mahari ni zile zile pauni 30,000, na bibi mmoja wa jamaa yake agombana na ndugu kwa sababu hapana hata kidogo kilichowekwa kwa ajili ya msichana mwenyewe.

Jambo moja la tarehe lastahili kuangaliwa sana. Katika Jane Eyre chatajwa kitabu kipya cha mashairi, Marmion, nacho kilitoka mwaka 1808. Tukiifuata alama hiyo, Rochester alioa huko Jamaika wakati wa utumwa. Rhys auhamisha wakati, aanza hadithi baada ya mwaka 1834. Mashamba yameota majani, na jirani mmoja, amechoka kungoja fidia, ampiga risasi mbwa wake, kisha aogelea baharini asirudi. Mwanafunzi asidhani kwamba mama huyo alikosa hesabu. Alitaka nyumba ya msichana huyo ichomwe na watu walioachwa huru juzi, ili tujue alikuwa na hofu gani kabla ya kuitwa mwenye wazimu.

Je, Charlotte Brontë alikuwa na moyo mgumu? Sidhani. Mwezi wa Januari 1848 aliandika katika barua kwamba alizidisha kitisho katika kumwonyesha Bertha, na kwamba huruma ndiyo iliyopasa kutangulia. Aliyajua hayo miezi mitatu baada ya kitabu kutoka. Ila kuhusu sukari hakuandika lolote humo, nami naona hilo ndilo lililokuwa zito zaidi.

Wala yule wa pili asisifiwe kupita kiasi. Mjukuu wa wenye shamba alimwandikia binti wa wenye shamba. Katika kitabu chake yumo Christophine, mama mweusi kutoka Martinique, aliyepewa mama yake Antoinette kama zawadi ya arusi, maana alikuwa mtumwa. Ingawa hajui kusoma, ndiye amjibuye yule Mwingereza maneno asiyoweza kuyapangua, akimtaka amwachie mkewe sehemu ya fedha. Bwana amtishia kwa polisi. Christophine aondoka bila kugeuka nyuma, na kitabu hakimfuati.