Nguo ya Kilwa: Kitu Kimoja, Vitenzi Vitatu

Kuna maneno ambayo mfasiri huyavuka bila hata kupunguza mwendo. "Nguo" ni mojawapo. Kila lugha ina neno lake, unaliandika, unaendelea. Lakini historia ya Kilwa inaonyesha kwamba neno linaweza kufika salama na kitu chenyewe kikapotelea njiani.

Hadithi yenyewe inajulikana: mgeni kutoka Uajemi anafika, anakuta kisiwa kina mwenyewe, na mwishowe anakipata kwa nguo. Anakipataje? Hapo ndipo wasimulizi wanapoachana.

Historia ya Kiarabu, Kitab al-Sulwa, ambayo nakala yake iko London, inasema mwenyeji alitaka kisiwa kizungushiwe nguo, na kikazungushiwa kweli, nyeupe, nyeusi na za kila rangi. João de Barros, Mreno aliyechapisha kitabu chake mwaka 1552, anaikata fupi: kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Katika masimulizi ya Kiswahili aliyoyachapisha Carl Velten mwaka 1907, mzee mwenye kisiwa anataka atandikiwe nguo, azikanyage akienda zake bara.

Kuzungushia, kununua, kutandika. Nguo ni ileile, lakini hayo ni mambo matatu tofauti.

De Barros aliwaandikia watu wa Lisbon, ambao nguo ya Bahari ya Hindi waliijua kama bidhaa ya kubadilishana na dhahabu ya Sofala. Kwao bei ilieleweka. Sasa mwambie mtu wa pwani habari ya kutandikiwa nguo: ataona harusi, bibi harusi akipita juu ya kanga za shangazi zake. Hiyo si bei, ni heshima. Anayetoka juu ya nguo hajauza kitu, yaani ameagwa.

Na tofauti hiyo si ndogo. Historia ya Kiarabu inaendelea kwamba mwenyeji alikusudia kurudi akitwae kisiwa, mgeni akachimba mkondo ili maji yasivukike tena kwa miguu. Kama aliuza, huyo ni msaliti. Kama aliagwa tu, basi alikuwa anarudi kwake.

Kisiwa cha jirani, Songo Mnara, mji wa mawe wa karne ya 14 na 15, wanaakiolojia wameokota vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati: uzito wa kijiti cha kusokotea pamba. Kwa hiyo nguo haikuwa kitu cha kusubiri jahazi tu. Ilikuwa pia kazi ya mikono ya hapa, na mwenye kisiwa aliyeitaka alijua anataka nini.

Ndiyo maana ninaposoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, sihangaiki sana na majina ya vitu. Natazama vitenzi. Kitu huvuka lugha kikiwa kimebebwa na kile ambacho watu wanakifanyia.