Kasoro, Dosari na Hitilafu: Maneno ya Ukaguzi wa Ubora Kutoka Kabungu Hadi Vihisio vya Silikoni

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza maneno matatu, yaani kasoro, dosari na hitilafu, ambayo aghalabu hutumiwa katika tafsiri zetu kana kwamba ni neno moja. Tumechagua mifano miwili iliyo mbali sana: uteuzi wa tumbaku katika nchi ya Mpanda, na ukaguzi wa vihisio vya silikoni vinavyotumiwa na wanafizikia wa chembe. Msomaji ataona kwamba umbali huo ni wa mahali tu, wala si wa maana.

Kabungu ni kata iliyo jirani ya mji wa Mpanda, mkoani Katavi, katika ukanda ulimao tumbaku ya mvuke. Mkulima huyakausha majani katika bani, huyachambua, huyafunga marobota na kuyapeleka sokoni. Hapo mteuzi hutazama jani lilitoka sehemu gani ya mche, rangi yake na ubora wake, kisha hutamka daraja. Kwa neno hilo moja mkulima hupata au hukosa malipo ya jasho la mwaka mzima. Robota likirudishwa, mwenyewe anayo haki ya kuelezwa sababu. Jani lililoungua katika bani haliponi tena. Jani lenye unyevu kupita kiasi laweza kuanikwa likarejea sokoni. Akiambiwa tu kwamba tumbaku yake ni mbovu, hatajua kama aende akaianike au akate tamaa.

Sasa na tutazame mfano wa pili. Mwaka 1980 Josef Kemmer, huko Ujerumani, alionyesha kwamba ufundi uliokuwa ukitumiwa kutengenezea vifaa vya elektroniki waweza pia kutengeneza vigunduzi vya silikoni vyenye mkondo mdogo sana wa uvujaji. Miaka michache baadaye jaribio la NA11, katika maabara ya CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, lilitumia vihisio vyenye mistari myembamba kufuatilia chembe zinazoishi kwa muda mfupi mno. Kigunduzi cha CMS, kilichoanza kupokea migongano ya chembe mwaka 2009, kilijengwa kwa vihisio vipatavyo 24,000, vyenye eneo la mita za mraba zipatazo 200 kwa jumla.

Vihisio hivyo vikishafungiwa ndani ya kigunduzi, havifikiwi kwa urahisi kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo ukaguzi hufanywa kabla. Kihisio hutazamwa kwa darubini ndogo, kisha hupandishiwa volteji hatua kwa hatua gizani, huku mkondo wa uvujaji ukipimwa. Mkondo ukifumuka mapema, kihisio hutiliwa shaka. Katika kazi ya CMS, mtengenezaji alipima kila kihisio, na vituo vya vyuo vikuu vikarudia kupima sehemu yake. Vituo vingine vilipima vipande vya majaribio vilivyokatwa katika kisahani kile kile cha silikoni, na vingine vikatia baadhi ya sampuli katika mnururisho ili kujua zitakavyozeeka.

Katika mpangilio huo maneno yetu matatu hupata kila moja kazi yake.

Kwanza, kasoro. Tusemapo saa tatu kasoro robo, twamaanisha kwamba kuna kilichopungua. Basi neno hili lafaa kwa upungufu ulio katika mwili wa kitu: mstari uliokatika katika kihisio, au jani lililoungua. Hauondoki kwa kungoja.

Pili, dosari. Hili hukaribiana na doa au waa, yaani jambo lililokipata kitu ambacho chenyewe ni kizima. Wakaguzi wa vihisio vikubwa vilivyotengenezwa kwa ajili ya kigunduzi kipya cha ATLAS waligundua kwamba penye unyevu mkondo hufumuka kwa volteji ndogo kuliko ilivyotarajiwa, na kwamba vihisio vikikaushwa aghalabu hurudia hali yake. Kihisio cha namna hiyo kina dosari, kama robota lililopigwa na mvua njiani.

Tatu, hitilafu. Asili ya neno hili ni tofauti baina ya vitu viwili. Vituo viwili vikipima kihisio kimoja na kupata majibu mawili, hiyo ni hitilafu ya upimaji, na lawama haiwezi kutupiwa kihisio kabla vipimo havijalinganishwa. Kadhalika mizani ya nyumbani na mizani ya soko zikitofautiana, hatusemi kwamba tumbaku ina kasoro.

Twajua kwamba katika mazungumzo ya kila siku mipaka hii haifuatwi, wala hatukusudii kuwasahihisha watu barazani. Lakini istilahi si mazungumzo. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, na chombo cha viwango cha taifa kwa sheria ya mwaka 1975, hati nyingi za ukaguzi zimeandikwa au kutafsiriwa kwa Kiswahili. Hati inayotumia neno moja kwa mambo matatu humnyima asomaye njia ya kujitetea.

Yatupasa basi, wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, tuandikapo kwamba kitu kimekataliwa, tuonyeshe kama upungufu umo katika kitu chenyewe, au katika hali iliyokipata, au baina ya vipimo vyetu. Mwanafunzi atakayesoma fizikia kwa Kiswahili atayahitaji maneno haya. Mkulima wa Kabungu anayahitaji msimu huu wa soko.