Flashi Inapopiga Hodi

Mwongozo wa kwanza wa Unix, uliotoka katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1971, uliweka vifaa vya kompyuta mahali pa ajabu: ndani ya folda, miongoni mwa mafaili. Aliyetaka kutumia tepu au mashine ya kuchapia alifungua faili lililokaa chini ya /dev, akasoma au kuandika humo kama afanyavyo kwa faili jingine lolote. Ken Thompson na Dennis Ritchie, waundaji wa Unix, walirahisisha kazi kubwa kwa hila ndogo. Lakini hila hiyo ilitegemea jambo ambalo wakati ule hakuna aliyekuwa na sababu ya kulitilia shaka, nalo ni kwamba vifaa vyote vya mashine vinajulikana tangu mwanzo. PDP-11, kompyuta waliyoitumia, ilikuwa na ukubwa wa kabati. Hakuna aliyepita mchana akachomoa diski na kuitia mfukoni.

Linux ilipozaliwa mwaka 1991 ilirithi mpango huo jinsi ulivyo. Kila faili la kifaa lilibeba namba mbili: ya kwanza huambia kiini cha mfumo ni draiva ipi iitwe, na ya pili huonyesha ni kifaa kipi hasa. Faili la sda1, yaani sehemu ya kwanza ya diski ya kwanza, lina 8 na 1 hadi leo. Kasoro ni kwamba faili lilikuwepo hata kama diski haipo. Watengenezaji wa matoleo ya Linux hawakujua mnunuzi ana mashine gani, kwa hiyo walimjazia mafaili ya kila kifaa ambacho huenda siku moja angekuwa nacho, maelfu kwa maelfu, mengi yao yasiguswe kamwe.

Kisha ikaja USB. Printa mbili zikichomekwa, ya kwanza kuonekana ndiyo iliyopata jina la kwanza. Ukibadilisha mpangilio, majina nayo hubadilishana, na barua ya ofisini ikatokea kwenye printa ya picha. Namba zenyewe zilianza kuadimika, maana kila moja ilikuwa na nafasi 256 tu.

Jaribio la kwanza la kurekebisha mambo lilikuwa devfs ya Richard Gooch, iliyoingizwa kwenye kiini mwaka 2000. Kiini chenyewe kiliunda faili pale draiva ilipokiona kifaa, na kulifuta kifaa kilipoondoka. Wazo lilikuwa zuri, ila sasa majina ya vifaa yaliamuliwa ndani kabisa mwa mfumo, mahali ambapo mtumiaji hana sauti, na wakaguzi wa msimbo walikuta humo hitilafu za kugongana kwa matukio. Mwaka 2006 devfs iliondolewa kabisa.

Kufikia wakati huo mrithi wake alikuwa kazini. Greg Kroah-Hartman alikuwa ameileta udev mwaka 2003, na akaieleza mwaka huohuo katika mkutano wa watu wa Linux mjini Ottawa. Yeye aligawa kazi. Kiini kilibaki na jukumu la kutangaza tu: kuna kifaa kimepiga hodi, mtengenezaji wake ni huyu, namba yake ya kiwandani ni hii, kimeingilia tundu hili. Programu iliyo nje ya kiini husoma kanuni zilizoandikwa katika mafaili ya kawaida, kisha huamua kifaa kiitwe nani. Fundi aliyechoka na printa zinazobadilishana majina aliweza kuandika mstari mmoja unaotaja namba ya kiwandani, na mchezo ukaisha.

Jina likapatikana. Swali lililobaki ni nani aanzishe huduma zinazokitegemea kifaa hicho, na lini. Skripti za zamani za kuwasha mfumo zilifuatana kwa foleni, kila moja ikiamini kwamba iliyotangulia imemaliza kazi. Diski ya USB iliyochelewa kuamka iliharibu foleni nzima. Dawa ya mafundi ilikuwa kuweka amri ya kulala sekunde kadhaa na kuomba Mungu, au kusubiri mpaka udev imalize matukio yote iliyo nayo mkononi. Lakini katika ulimwengu wa USB hakuna sekunde ambayo mtu anaweza kusema vifaa vyote vimeshafika.

Tarehe 30 Aprili 2010, Lennart Poettering aliitangaza systemd, aliyoiandaa pamoja na Kay Sievers. Sievers alikuwa ameilea udev kwa miaka, hivyo ukaribu wa programu hizo mbili haukumshangaza yeyote. Katika mpango wao, udev hukitia kifaa alama, na systemd, msimamizi wa huduma, hukiingiza katika daftari lake kama kitu kinachoweza kutegemewa. Huduma inayohitaji diski fulani husubiri diski hiyo peke yake, nyingine zote zikiendelea na safari. Na kifaa nacho huweza kuita huduma: ukichomeka kidude cha Bluetooth, huduma ya Bluetooth huamka hapo hapo, badala ya kukaa macho mwaka mzima ikimngoja mgeni asiyekuja. Huduma iliyofungamanishwa na kifaa huzimwa kifaa kikichomolewa.

Ubaya wake huonekana kwa fundi aliyeondoa diski ya ziada akasahau kufuta mstari wake katika /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa mfumo unapowashwa. Anawasha seva. Nyota nyekundu zinatembea kushoto na kulia, na saa inahesabu taratibu hadi dakika moja na nusu. Diski haiji. Mfumo unagoma kuendelea na kumwachia skrini ya dharura inayodai nywila ya mkuu wa mfumo. Ikiwa seva iko mji mwingine, shughuli ya siku nzima imeharibika. Neno moja katika mstari ule, nofail, lingemwokoa. Kimantiki systemd haina kosa: imeambiwa diski inahitajika, na haipo. Hata hivyo, mtu aliyezoea skripti zilizonung'unika kisha zikasonga mbele ana haki ya kukasirika.

Waliokasirika walikuwa wengi. Mwaka 2012 msimbo wa udev uliunganishwa na wa systemd, na kabla mwaka haujaisha baadhi ya watengenezaji wa Gentoo, mojawapo ya matoleo ya Linux, walijitenga na nakala yao waliyoiita eudev. Mwaka huohuo Linus Torvalds, muasisi wa Linux mwenyewe, alifoka. Draiva za baadhi ya kadi za televisheni ziliomba programu ya ndani ya kadi wakati zinapakiwa. Udev mpya haikushughulikia ombi mpaka upakiaji uishe. Draiva nayo haikumaliza kupakiwa mpaka ipewe ilichoomba. Zikakaa zikitazamana hadi muda uishe. Torvalds alikata shauri kazi hiyo ihamie ndani ya kiini, na toleo la 3.7 la Desemba 2012 likawa linasoma programu hizo moja kwa moja kutoka kwenye diski.

Januari 2013 ikawa zamu ya kadi za mtandao. eth0, jina lililozoeleka kwa vizazi vya mafundi, lilianza kupisha majina kama enp3s0, yanayotaja basi na nafasi ambayo kadi imekaa. Jina kama hilo linachosha ulimi, lakini kwa kawaida halihami kadi ya pili ikiongezwa.

Februari 2014 kamati ya ufundi ya Debian, toleo jingine la Linux, iligawanyika nusu kwa nusu ilipochagua programu ya kuwashia mfumo, na kura ya mwenyekiti ndiyo iliyoipa systemd ushindi. Waliokataa wakaanzisha toleo lao, Devuan. Gentoo nao, ilikozaliwa eudev, walitangaza mwaka 2021 kwamba wanaiacha, na watumiaji wao wasiotaka systemd wakaelekezwa kwenye udev iliyochotwa kutoka msimbo wa systemd.