Alama 50 za Musoma: tathmini iliyopanda juu bila kurudi kwa mtoto

Novemba 2024 Azimio la Musoma lilitimiza miaka 50, na mimi sikusikia shamrashamra yoyote. Wanaolikumbuka hutaja mambo mawili: Elimu ya Msingi kwa Wote, na vijana wa kidato cha sita kutakiwa kufanya kazi kwanza kabla ya kuomba nafasi ya chuo kikuu. La tatu halitajwi, ijapokuwa mpaka leo linamgusa kila anayemaliza kidato cha nne. Halmashauri Kuu ya TANU, iliyopitisha Azimio hilo, ilitaka mtihani wa mwisho usiwe hakimu peke yake.

Mbegu ya uamuzi huo imo katika kijitabu cha Mwalimu Nyerere, Elimu ya Kujitegemea, cha Machi 1967. Watu hukisoma kwa ajili ya majembe na mashamba ya shule. Kisome tena kwa ajili ya mitihani. Mwalimu analalamika kwamba mitihani ile ilipima uwezo wa kukariri mambo na kuyaeleza upya ndani ya saa zilizopangwa, na kwamba haikupima kufikiri, sembuse tabia au moyo wa kutumikia wenzako. Anaona pia kuwa walimu hufundisha yale wanayoyabashiri kwenye karatasi ya mtihani. Maneno hayo ukiyapeleka leo katika ofisi yoyote ya walimu, yatapokewa kama habari ya wiki hii.

Mwaka huohuo wa 1967, huko Marekani, mwanafalsafa Michael Scriven alitenganisha tathmini ya kurekebisha kazi ikiwa bado mikononi na tathmini ya kuihukumu ikishakwisha. Swali zuri kuliko yote kuhusu mfumo wetu ni hilo: alama tunazokusanya ni za kurekebisha au za kuhukumu?

Hatua zilizofuata zinajulikana. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, Baraza la Mitihani la Taifa likaundwa kwa sheria mwaka 1973, Azimio likapitishwa Musoma mwaka uliofuata, na mwaka 1976 tathmini endelevu ikaanza sekondari. Mgawanyo ulikuwa nusu kwa nusu: alama 50 za shuleni, alama 50 za mtihani wa mwisho. Ulikuwa uamuzi wa kishujaa. Kasoro yake ni kwamba alama hizo zilisafiri kutoka kwa mwalimu kwenda Baraza, na hakuna aliyelazimika kumrudia mtoto kumwambia amekwama wapi na afanye nini.

Tulivyozoea kuziona alama kama hesabu tu, tulikuja kudhihirisha mwaka 2013. Februari yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012: watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata daraja sifuri. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na Mei Serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya. Ufaulu ukapanda kutoka asilimia 34.5 hadi 43.08, na hakuna mtoto aliyekuwa amejifunza hata aya moja zaidi. Oktoba, Mchome akiwa sasa Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu, ukatangazwa utaratibu mpya: sifuri ingeitwa daraja la tano, na alama za shuleni zingekuwa 40. Kati ya hizo, 15 ni za mtihani wa kidato cha pili, 10 za mihula ya kidato cha tatu, 10 za mtihani wa utamilifu na 5 za kazi mradi.

Wazazi na wanasiasa walilivamia daraja la tano, na kweli lilistahili kuchekwa. Mimi nilishangazwa na ile 40. Ukiacha kazi mradi, kilichobaki chote ni mitihani. Tathmini iliyobuniwa ili kupunguza utawala wa mtihani ilikuwa imegeuka foleni ya mitihani midogo, na katika makelele yote yale hilo halikupata watetezi.

Wenzetu walikwisha kulichunguza jambo hili la kumrudia mtoto. Mwaka 1998 Paul Black na Dylan Wiliam wa King's College London walipitia machapisho yapatayo 250 na kuona kwamba wanafunzi hupiga hatua wanapoelezwa lengo, pengo lililopo na njia ya kuliziba. Kabla yao, Ruth Butler alikuwa amewapa watoto wa Israeli maoni ya maandishi bila alama, wengine alama tu, na wengine vyote viwili. Waliosonga mbele ni wale wa maoni matupu. Alama ikiandikwa pembeni, maoni hayasomwi. Walimu wa Medway na Oxfordshire waliofanya kazi na akina Black waliwaachia wanafunzi wajipime wenyewe kwa rangi za taa za barabarani: kijani nimeelewa, njano nina shaka, nyekundu nimekwama. Kwa hayo hakuna mashine inayohitajika, hata katika darasa lililofurika.

Huku kwetu, baada ya daraja la tano tulipewa mfumo wa wastani wa pointi, kisha mwaka 2016 Waziri Joyce Ndalichako akaurudisha mfumo wa madaraja. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024, nao unazungumzia umahiri. Mkaguzi anayetaka kujua kama umefika darasani asiombe orodha ya alama. Achukue daftari lolote, amwulize mwenye nalo ni swali gani alilikosa, kwa nini alilikosa, na tangu siku ile amelifanyia nini.