Kizibuo Ambacho Jeshi la Uswisi Halikukitaka

Katika visu vyote walivyogawiwa askari wa Uswisi tangu mwaka 1891 hadi leo, hakuna hata kimoja kilichokuwa na kizibuo cha mvinyo. Ajabu hiyo, maana kisu chekundu chenye msalaba mweupe, ambacho dunia nzima hukiita kisu cha jeshi la Uswisi, hujulikana kwanza kwa kizibuo hicho kilichojisokota mgongoni. Kile chekundu kilikuwa bidhaa ya dukani. Ofisa aliyekitaka alitoa pesa mfukoni mwake, sawa na raia mwingine yeyote.

Cha askari kilikuwa kingine, na kilizaliwa kwa sababu ya bunduki. Mwaka 1889 Uswisi ilipokea silaha mpya, Schmidt-Rubin, ambayo kuifungua na kuisafisha kulihitaji bisibisi. Askari huyohuyo alikuwa akila chakula cha kopo, na kopo nalo linataka lifunguliwe na kitu. Badala ya kumjazia mkoba vifaa vidogovidogo, wakuu wa jeshi wakaamua apewe kisu kimoja cha kukunja chenye zana nne: ubapa, bisibisi, kifungulia kopo na msharasi wa kutobolea ngozi. Mpini ulikuwa wa mti wa mwaloni uliotiwa weusi, urefu sentimita 10, uzito gramu 144. Urembo haukuwamo. Kila zana ilikuwa na kazi ambayo askari angekutana nayo kabla ya jua kuzama.

Wazo la kukusanya zana nyingi kwenye mpini mmoja lilikuwa la kale zaidi ya hapo. Jumba la makumbusho la Fitzwilliam, mjini Cambridge, linahifadhi kifaa cha Kirumi cha karne ya 3, cha fedha, chenye kijiko, uma, kisu, mwiba na vijiti vingine vinavyokunjwa. Ni kifaa cha mezani, na mwenyewe bila shaka hakuwa mtu wa kulala njaa. Wafua visu wa Sheffield, Uingereza, walilipeleka wazo hilo kwenye majigambo. Mwaka 1822 kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ilitengeneza kisu chenye bapa 1,822, ili idadi ilingane na mwaka. Kwa ajili ya maonyesho makuu ya London ya 1851 ikaleta kingine, Norfolk Knife, chenye bapa 75, ambacho hakiingii mfuko wa mtu yeyote. Ufundi ulikuwa wa hali ya juu, lakini jaribu kumenyea chungwa!

Mtu aliyelirudisha wazo hilo mfukoni alikuwa Karl Elsener. Alijifunza kufua visu mjini Zug, akaenda kuongeza ujuzi Paris na Tuttlingen, kisha mwaka 1884 akafungua karakana yake Ibach, katika jimbo la Schwyz, akitumia maji ya kijito cha Tobelbach kuendeshea mashine. Uswisi ya siku zile haikuwa hii ya mabenki na saa za bei mbaya. Vijana wa milimani walikuwa wakihama kwenda ng'ambo kutafuta riziki, na Elsener alitaka kazi zipatikane nyumbani. Ndiyo maana hakuridhika aliposikia kwamba visu 15,000 vya kwanza vya jeshi vimeagizwa Solingen, Ujerumani, kwa kampuni ya Wester & Co. Sababu ilikuwa wazi: hakuna karakana ya Uswisi iliyokuwa na uwezo wa kutoa idadi hiyo.

Elsener akawakusanya mafundi wenzake katika chama, na mwaka 1891 visu vya kwanza vilivyotengenezwa Uswisi vikakabidhiwa jeshi. Furaha haikukaa sana. Viwanda vya Solingen viliuza kwa bei nafuu zaidi, wenzake wakajitoa mmoja baada ya mwingine, naye akabaki na oda ya serikali na madeni. Waliomwokoa asifilisike ni ndugu zake.

Hapo mtu mwingine angerudi kwenye visu vya jikoni. Elsener aling'ang'ania tatizo la kifundi. Kisu cha askari kilikuwa kizito, na ukitaka kuongeza zana unaongeza springi, ukiongeza springi unaongeza unene. Springi ndiyo inayoikaza zana isimkunjukie mtu vidoleni. Alichovumbua ni namna ya kuifanya springi moja ibebe zana za pande zote mbili, za tumboni na za mgongoni mwa kisu. Kwa springi mbili tu akapata zana sita: zile nne za askari, ubapa mdogo wa pili, na kizibuo. Tarehe 12 Juni 1897 kisu hicho kilisajiliwa kama kisu cha ofisa na cha michezo. Jeshi halikukiingiza katika orodha yake ya vifaa. Bunduki haifunguliwi kwa kizibuo. Maofisa wenyewe walikipenda, wakajinunulia.

Mpangilio huo wa 1897 ndio uliomo hadi leo ndani ya visu vyekundu vya milimita 91 vinavyouzwa madukani, na ndio wa kukaguliwa kwanza na mnunuzi. Zana ikifunguliwa ikae imara bila kuchezacheza. Ukucha utoshe kuifungua. Ikirudi, irudi kwa mlio mkavu. Visu vya kuiga vilivyopakwa rangi nyekundu na kuchorwa msalaba vimejaa kila mahali, na springi ndiyo inayoviumbua mapema: baada ya muda mfupi ubapa unaning'inia. Kwenye kisu halisi jina la mtengenezaji limepigwa mhuri kwenye chuma, chini ya ubapa mkubwa, karibu na mpini.

Jina lenyewe lilikuja polepole. Mama yake Elsener, Victoria, alifariki mwaka 1909, na mwanawe akaipa biashara jina lake. Mwaka 1921 kampuni ilipoanza kutumia chuma kisichoshika kutu, kijulikanacho kwa Kifaransa kama inox, majina hayo mawili yakaunganishwa kuwa Victorinox. Wakati huo tayari kulikuwa na mshindani, Wenger, wa Delémont katika eneo la Jura linalozungumza Kifaransa. Serikali haikutaka kuonekana inapendelea upande mmoja wa nchi, kwa hiyo mwaka 1908 iligawa oda ya jeshi nusu kwa nusu. Suluhu hiyo ya kisiasa ilidumu karibu karne nzima, kila kampuni ikidai kwamba kisu chake ndicho chenyewe, hadi mwaka 2005 Victorinox ilipoinunua Wenger.

Umaarufu wa kimataifa uliletwa na Wamarekani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, askari wao waliokuwa Ulaya walivinunua visu hivi kwa wingi katika maduka ya kambini, na kwa kuwa jina la Kijerumani liliwashinda kutamka, wakabuni la kwao la kisu cha jeshi la Uswisi. Nusu karne baadaye kisu hicho kilikuwa angani. Mwaka 1995 chombo cha Atlantis kilipofunga gati kwenye kituo cha Kirusi cha Mir, mwanaanga wa Kanada Chris Hadfield aliukuta mlango umefungwa na kukazwa kupita kiasi. Alichotumia kuufungua ni kisu cha mfukoni cha Uswisi.

Kasoro kubwa ya visu vya aina hii iligunduliwa barabarani, ndani ya gari bovu. Mwaka 1975 Tim Leatherman, Mmarekani kutoka Portland, Oregon, mwenye shahada ya uhandisi wa mitambo, alikuwa akizunguka Ulaya na Mashariki ya Kati na mkewe Chau kwa Fiat kuukuu waliyoinunua Amsterdam kwa dola 300. Alikuwa na kisu cha kukunja cha aina ya skauti. Alikatia mkate kwa kisu hicho, akarekebishia gari, akahangaikia mabomba ya hoteli za bei poa yaliyokuwa yakivuja. Kila mara alikwama palepale: alihitaji kubana na kuzungusha kitu, na kisu hakibani. Alihitaji plaizi. Wakiwa hotelini Tehran alianza kuchora wazo lake kwenye karatasi.

Aliporudi nyumbani alidhani kazi ingechukua mwezi mmoja. Ilichukua miaka mitatu kupata mfano uliofanya kazi, na muda wote huo riziki ya nyumba iliitegemea ajira ya Chau. Hataza ilitoka mwaka 1980. Ndipo mlango wa pili wa mateso ukafunguka, maana hakuna aliyetaka kununua wazo lake. Kampuni za visu zilimwambia hicho ni kifaa cha fundi. Kampuni za vifaa vya mafundi zikaona ni kidude cha mchezo tu. Baada ya kukataliwa mara nyingi aliungana na rafiki yake wa chuo, Steve Berliner, ambaye baba yake alikuwa na karakana ya vyuma, wakaamua kutengeneza wenyewe. Mwaka 1983 duka la kuuza kwa katalogi la Cabela's liliagiza vipande 500. Matumaini yao yalikuwa kuuza 4,000 kwa mwaka. Mwaka 1984 waliuza karibu 30,000.

Kifaa hicho cha kwanza, kilichoitwa kwa kifupi PST, kilikuwa plaizi ambayo mikono yake miwili ilificha ndani yake kisu, tupa, msharasi, bisibisi na kifungulia kopo. Mkasi haukuwamo. Ukibana kwa nguvu, kingo za bati lililokunjwa ziliuma kiganja, na ili ukifikie kisu ilikubidi kwanza uikunjue plaizi yote. Mwaka 1998 kampuni ikatoa Wave, ambayo bapa zake hukaa upande wa nje na kufunguka kwa mkono mmoja. Uamuzi wa wapi kisu kikae unaonekana mdogo, lakini muulize fundi umeme aliyeko juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika waya.

Kwa hiyo anayetafuta cha kubeba kila siku anachagua kati ya historia mbili. Ya Uswisi inaanza na kisu, zana nyingine zikiwa wasaidizi. Ya Portland inaanza na plaizi, kisu kikiwa mgeni ndani yake. Karani, mwalimu au msafiri ambaye kazi yake ni kukata uzi, kufungua boksi, kumenya tunda na kukaza skrubu ya miwani atateseka bure na kipande kizito cha chuma kiunoni. Kwake kisu cha milimita 58, kile kidogo cha kuning'inia na funguo, chenye mkasi, tupa ya kucha na kibanio, kinatosha kabisa. Na mkasi wake, ambao wengi huudharau, ndio unaofanya kazi kuliko ubapa. Fundi wa pikipiki, wa maji au wa umeme hana haja ya kufikiri mara mbili: plaizi.

Shida huanzia tamaani. Mwaka 1985 Victorinox ilitoa SwissChamp, chenye kazi 33 na uzito wa gramu 185, ambacho ukikitia kwenye mfuko wa suruali kinaivuta suruali chini. Wenger nayo ilitengeneza kisu chenye zana 87 na kazi 141, kizito zaidi ya kilo moja, kikawa cha kuwekwa kwenye kabati la kioo. Huko ni kurudi Sheffield. Tukihesabu kwa uaminifu, watu wengi hutumia zana nne au tano, karibu idadi ileile ambayo jeshi la Uswisi liliifikia mwaka 1890. Jeshi lenyewe lilipobadilisha kisu chake, kwa mfano wa 2008, liliongeza msumeno wa mbao, bisibisi ya nyota na ubapa mrefu unaofunguka kwa mkono mmoja na kujifunga. Zabuni ilikuwa wazi hata kwa kampuni za kigeni, na Victorinox ikashinda. Kizibuo hakikuingia safari hiyo pia.

Ubapa huo unaojifunga unataka uangalifu. Kifundi ni jambo jema, kwa kuwa hauwezi kukukunjukia vidoleni ukiwa kazini. Kisheria ni jambo jingine. Nchini Uingereza, kwa sheria ya 1988, mtu anaruhusiwa kutembea hadharani na kisu cha kukunja kisichojifunga chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani karibu sentimita 7.6. Kikiwa kinajifunga, hata kiwe kidogo namna gani, mwenyewe anatakiwa awe na sababu ya msingi ya kuwa nacho. Visu vyekundu vya milimita 91 kwa kawaida vinapita; plaizi nyingi za kisasa zenye bapa za kujifunga hazipiti. Mswahili anayeishi London au Leicester na aliyezoea kutembea na chombo chake cha kazi alijue hilo kabla hajakutana na polisi.

Pigo kubwa zaidi kwa biashara hii lilitoka kwenye viwanja vya ndege. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 visu vilipigwa marufuku ndani ya ndege, na maduka ya viwanjani, yaliyokuwa wateja wakubwa, yakaviondoa. Mauzo ya visu vya mfukoni vya Victorinox yakaanguka kwa zaidi ya asilimia 30. Kampuni haikumfukuza mtu kazi. Ilipunguza saa, na baadhi ya wafanyakazi ikawaazima kwa kampuni za jirani hadi hali ilipotulia. Mwaka 2024 mkuu wake, Carl Elsener, wa kizazi cha nne cha familia hiyo, alisema wanabuni kifaa cha mfukoni kisicho na ubapa kabisa, kwa ajili ya nchi ambazo sheria zake za visu zinazidi kukaza.

Hadi hapo, msafiri akitie kisu chake kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege, tena usiku wa kuamkia safari. Kile kidogo cha kwenye funguo ndicho kinachosahaulika zaidi.