Ruhusa Si Haki

Msomaji, ukifika Kibera, Nairobi, ukauliza Kambi Muru, utaonyeshwa mtaa wa nyumba zilizobanana, wala hutaona kambi yoyote. Lakini jina hilo halikuzuka bure. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliwakalisha Kibera askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, na mwaka 1918 ardhi hiyo, yenye ekari zaidi ya 4,000, ikatangazwa kuwa ya jeshi. Askari aliyemaliza utumishi wake alipewa cheti cha kujenga na kulima hapo.

Cheti hicho kilikuwa na faida kwa mwenye nacho. Walakini kilimpa ruhusa ya kukaa tu, hakikumpa ardhi. Na mwenye kutoa ruhusa aweza kuiondoa. Wanubi walingoja mpaka mwaka 2017 ndipo walipopewa hatimiliki ya pamoja, nayo ilikuwa ya ekari 288 tu. Katika zama hizo za ukoloni mwanamume Mwafrika alilazimishwa pia kuchukua kipande, chenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake. Cheti kiliruhusu, kipande kiliandika. Yashike mambo haya mawili, kwa maana yamerudi katika zama zetu kwa sura nyingine.

Leo njia inayogombaniwa ni ya intaneti. Kijana wa Kambi Muru afunguapo ukurasa katika simu yake, kampuni inayomuuzia intaneti yaweza kujua aendako. Akitumia VPN, ombi lake hufungwa kwa maandishi ya siri, mfano wa barua ndani ya bahasha, likapelekwa kwanza kwenye kompyuta nyingine, pengine katika nchi ya mbali, ndipo liendelee na safari yake. Kampuni yaiona bahasha, lakini haiwezi kuisoma barua. Makampuni hutumia njia hiyo kulinda siri za kazi zao, na waandishi kuwalinda waliowapa habari. Mwizi naye huitumia kuficha nyayo zake. Basi tusishangae serikali zikitaka kuitawala.

Tazama Uganda. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa kila atumiaye mitandao kama WhatsApp na Facebook. Watu wengi wakakimbilia VPN ili wasilipe, na tume ya mawasiliano ikataka kampuni za intaneti ziifunge njia hiyo. Ulikuwa mchezo wa paka na panya: mlango mmoja ukifungwa, mwingine ulifunguliwa. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti yenyewe ilizimwa kwa siku kadhaa. Hapo VPN haikufaa kitu, kwa kuwa barabara ikivunjwa bahasha haiendi popote. Mwaka huo huo kodi ile ilifutwa, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya gharama ya intaneti.

Tanzania ilishika njia ya kuandikisha. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka watu na makampuni ambao kazi zao zahitaji VPN wajiandikishe kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, na kutaja anwani za mtandao watumiazo. Kanuni za mwaka 2020 zilikuwa zimekwisha kuweka adhabu kwa anayetumia chombo cha kufikia yaliyokatazwa: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Hapa, msomaji, waona cheti na kipande vimekutana: ruhusa ya kupita, na daftari la wapitao. Sisemi kwamba njia ya umma iachwe bila mlinzi. Aliyeibiwa fedha zake kwa simu ana haki ya kutaka mwizi atafutwe. Lakini mwizi hajiandikishi. Daftari hujazwa majina ya watu waaminifu, na kesho laweza kuangukia mikononi mwa mtu asiyekuwa mwaminifu.

Katika Kenya, kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya faragha, hata katika mawasiliano yake. Na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humbana anayetunza habari za watu. Hiyo ni haki, wala si cheti. Kwa hiyo, siku utakapoambiwa uombe leseni ya kupita njia fulani, uliza kwanza: nani ataandika jina langu, atalitunza kwa muda gani, na akinionea nimshitaki wapi? Wazee wa Kibera hawakupata nafasi ya kuuliza hayo walipopokea vyeti vyao, na wajukuu wao ndio waliolipa gharama.