Bodi ya Mwingereza, Injini ya Hiace

Ukiisikia Land Rover 109 ikipanda kutoka Korogwe kwenda Bungu, usiamini macho peke yake. Bodi ni ya Uingereza, alumini iliyokunjika na kunyooshwa mara kadhaa, lakini mngurumo ni wa Hiace.

Land Rover ilionyeshwa kwa umma mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Ile ndefu, ambayo tairi la mbele na la nyuma yameachana inchi 109, ilikuja mwaka 1956, na ukoo wake ukaendelea kuundwa hadi 1985. Iliwabeba mameneja wa mashamba ya mkonge, mabwana shamba, mapadri na wagonjwa. Kuanzia 1958 nyingi zilikuwa na injini ya petroli ya lita 2.25 yenye kabureta.

Kabureta haina makuu. Petroli inakaa kwenye kibakuli, boya linapima kina chake, na upepo unaovutwa na injini unanyonya mafuta kupitia tundu dogo. Tatizo ni milima ya Usambara. Gari likiinua pua, petroli inalala upande mmoja wa kibakuli, boya linadanganyika, injini inakohoa katikati ya kona. Ongeza vumbi la Handeni kwenye tundu lile dogo. Na ulaji wenyewe ulikuwa wa kutisha: lita moja kwa kilomita tano au sita.

Dawa ilikuwepo zamani. Bosch wa Ujerumani alianza kutengeneza kwa wingi pampu za kusukuma dizeli mwaka 1927: pampu inabana mafuta, nozo inayapuliza ndani ya injini kwa kipimo, gari liinuke au lilale. Land Rover nao walikuwa na dizeli yao ya lita 2.25 tangu 1961, ila nguvu zake zilikuwa kama farasi 62 tu. Kwa gari lenye magunia ya mahindi na abiria juu ya magunia, hizo ni nguvu za kuombea dua.

Kilichobadili mambo kilikuwa soko kuliko ufundi. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973, ikafuata vita ya Kagera, fedha za kigeni zikaadimika na spea za Uingereza nazo. Bajeti ya 1984 ya Waziri Cleopa Msuya iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa mwenyewe. Miaka iliyofuata magari yaliyotumika Japani yakamiminika, na Hiace ikawa daladala la taifa. Hiace zilizopinduka au kuchakaa ziliacha injini za Toyota 2L na 3L, lita 2.4 na 2.8, zenye pampu na nozo, na spea zake zinapatikana hata miji midogo.

Hapa kuna kichekesho. Injini ya Land Rover yenyewe, 200Tdi ya mwaka 1989, inafunga moja kwa moja kwenye giaboksi ya 109, kwa sababu imetokana na bloku ileile ya zamani. Mwenye kuipata hachongi kitu hapo. Lakini injini isiyo na spea jirani ni pambo, na wapenzi wa Land Rover waliokusanyika Arusha Oktoba 2024 waachiwe haki yao ya kuguna wakiona injini ya Toyota ndani ya 109.

Kwa 3L kazi ni ya mikono. Injini ya zamani inanyanyuliwa kwa mnyororo. Bamba nene la chuma linachongwa kwa tona, liunganishe injini ya Kijapani na giaboksi ya Kiingereza. Likipishana hata kidogo, klachi na beringi havidumu. Maunti zinachomelewa upya kwenye chesisi. Kisha kuna bomba ambalo tangi la petroli halikuwa nalo: la kurudisha dizeli inayobaki kwenye nozo. Mwisho ni kutoa upepo. Nati ya nozo inalegezwa, mwingine anapiga starta, mapovu yanatoka, yanatoka, mpaka dizeli ije tupu. Ndipo nati inakazwa.

Ikishawaka, injini inahitaji waya mmoja tu, wa kufungulia na kukata mafuta. Ndiyo maana sioni ushamba kwa wanaozikataa dizeli mpya zaidi za Toyota, D-4D, ambazo kompyuta ndiyo inayoamuru kila nozo. Zina nguvu na hazili sana, lakini kihisio kikifa Vugiri usiku wa mvua, spana haikisomi.

Lami ya Korogwe hadi Handeni, kama kilomita 65, imewapa abiria magari mepesi. 109 imebaki na milima na njia za vumbi za Kilindi, na hata huko nguvu mpya zina gharama: ekseli za nyuma, zilizopimiwa injini dhaifu, ndizo zinazokatika dereva akiachia klachi kwa pupa.

Na kuna kadi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na ikibadilika Mamlaka ya Mapato, TRA, waarifiwe. La sivyo, mnunuzi atafunua boneti, akute dizeli ya Toyota pale kadi inaposema petroli, na biashara itafia hapohapo.